Kweli au Si Kweli: Kompyuta za Mtumba na Maneno Yaliyozizunguka

Mteja wa kompyuta ya mtumba hakufika dukani mikono mitupu. Alikuja na maneno. Shemeji aliyewahi kufanya kazi bandarini alimwambia hivi, kijana wa intaneti kafe akamwambia vile, na jirani aliyesoma kozi ya kompyuta akaongeza lake. Alipoingia Kariakoo, Dar es Salaam, hukumu ilikuwa imeshatolewa, na fundi alitakiwa kuitekeleza tu.

Simlaumu mtu kwa hilo. Serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini mwaka 1974. Zuio lililegezwa baadaye, lakini watu wengi wa rika langu walikutana na kompyuta ukubwani, na ile ya kwanza waliyoigusa ilikuwa imeshatumiwa na mtu mwingine katika ofisi ya Ulaya au Marekani. Haikuja na kitabu cha maelekezo wala dhamana, kwa hiyo watu waliulizana wao kwa wao. Nimeuza mashine hizi na kuzitengeneza tangu enzi za Pentium III, na ninaamini kwa moyo wote kwamba nyingi ziliuliwa na uvumi kabla ya kuuliwa na uzee. Haya ndiyo maneno niliyoyasikia mara nyingi zaidi.

“Mtumba ni takataka walizotupa Wazungu”

Si kweli, kwa sehemu kubwa. Kampuni, benki, vyuo na halmashauri za miji huko Uingereza, Uholanzi au Marekani hununua au hukodi kompyuta kwa mpango wa miaka mitatu hadi mitano. Muda ukiisha, zinaondolewa zote kwa mpigo, nzima na mbovu, kwa sababu dhamana imekwisha na mhasibu ameshaifuta thamani yake vitabuni. Madalali huzinunua kwa jumla na kuzipakia kwenye makontena, na nyingi zilipita Dubai kabla ya kushushwa Dar es Salaam au Mombasa.

Mteja hakuambiwa kwamba hizo zilikuwa kompyuta za daraja la ofisi. Dell OptiPlex, HP Compaq za mfululizo wa dc, IBM ThinkCentre: zilibuniwa zifanye kazi kutwa nzima kwa miaka, na zifunguliwe na fundi bila kupoteza muda. Nyingi zinafunguka kwa kubonyeza vitufe pembeni, bila bisibisi. Bati ni zito. Pawa saplai inatoa kweli wati zilizoandikwa ubavuni mwake. Kwenye rafu hiyohiyo palikuwa na kompyuta “mpya kabisa”, zilizounganishwa kwa vipuri vya bei ya chini, boksi linang’aa na taa ya buluu mbele, lakini ukiishika pawa saplai yake unahisi wepesi wa kutia shaka. Mwenye steshenari aliponiuliza achukue ipi kwa kazi ya kuchapa na kutoa kopi, nilimwonyesha mtumba. Leo ningemwonyesha huohuo.

Maneno yale yana chembe ya ukweli hata hivyo, na chembe hiyo ni nzito. Kontena moja lilichanganya zilizo hai na zilizokufa, na zilizokufa ziliishia mikononi mwa mnunuzi wa mwisho au dampo. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, na ule wa Bamako wa mwaka 1991 ulioandikwa na nchi za Afrika zenyewe, imewekwa kuzuia taka za sumu zisivushwe mipaka. Lakini mashine mbovu ikiandikwa “imetumika” badala ya “taka”, kontena linapita. Ndiyo maana mnunuzi aliyejua kazi hakulipa kabla CPU, kama tulivyoliita boksi zima la kompyuta, haijawashwa mbele ya macho yake na kukaa imewaka kwa muda.

“Kompyuta ya Marekani ukiichomeka hapa inalipuka”

Kweli, na chanzo ni swichi moja ndogo nyekundu.

Umeme wa nyumbani Marekani ni volti 120. Wetu ni 230, na Kenya ni 240. Nyuma ya pawa saplai nyingi za miaka ile kuna swichi yenye maandishi 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Ikiwa upande wa 115, saketi ya ndani huufanya umeme maradufu: inauchukua ule wa Marekani na kuufikisha karibu volti 325 za mkondo mnyoofu, zikigawanywa kwa kapasita mbili kubwa ambazo kila moja imeandikwa volti 200. Uchomeke umeme wetu katika hali hiyo, na maradufu yake yanakaribia 650. Kapasita haziwezi kubeba mzigo huo. Utasikia mlipuko mmoja, halafu harufu ya kuungua, na pengine nyumba nzima inabaki gizani.

Uvumi ulikosea katika sehemu ya pili ya hadithi. Watu waliamini kwamba baada ya mlipuko ule kompyuta yote imekwisha, wakaiuza kwa bei ya chuma chakavu. Mara nyingi kilichokufa ni pawa saplai peke yake. Mazabodi, RAM na hadidiski havikuguswa, kwa kuwa balaa liliishia upande wa umeme wa ukutani. Niliweka pawa saplai nyingine, na mashine ikawaka ikiwa na mafaili yote. Na kinyume chake hakina madhara: swichi ikiwa 230 kwenye umeme wa 120, kompyuta inagoma kuwaka tu. Zile zilizoandikwa 100 hadi 240 hazina swichi kabisa, zinajirekebisha zenyewe.

“Angalia GHz, kubwa ndiyo yenye kasi”

Si kweli, na uvumi huu uliwagharimu wateja pesa nyingi kuliko mwingine wowote. Mtu aliingia dukani akitaka “Pentium 4, GHz 3”, na hakusikia lingine. Umwonyeshe Core 2 Duo ya GHz 1.86, anadhani unamuuzia kitu cha chini.

Tatizo lilianzia kiwandani. Pentium 4 ilitoka Novemba 2000 ikiwa na GHz 1.4 na 1.5, na katika kazi kadhaa ilishindwa na Pentium III ya GHz 1 iliyoitangulia. Ilibuniwa ipige mapigo mengi kwa sekunde, lakini kila pigo lilifanya kazi ndogo. Toleo la mwaka 2004 liligawa kazi katika hatua 31. Prosesa ilipobashiri vibaya njia ya kufuata, ilibidi itupe yaliyomo katika hatua zote hizo na kuanza upya. Angalia wapagazi wawili pale Kariakoo: mmoja anakimbia na gunia moja kila safari, mwingine anatembea na mkokoteni wenye magunia manne. Ukihesabu hatua zao utampa ushindi asiyestahili.

Intel wenyewe waligonga ukuta. Walikuwa wamepanga kutoa Pentium 4 ya GHz 4, wakaifuta Oktoba 2004, na ya juu kabisa ikabaki GHz 3.8. Kizuizi kikubwa kilikuwa joto: prosesa hizo za mwisho zilifikia wati 115. Core 2 Duo iliyotoka Julai 2006 ilitumia wati 65, ikapiga mapigo machache zaidi, na ikaiacha mbali Pentium 4 ya GHz 3. AMD nao walikuwa wameshaliona tatizo hilo la hesabu, ndiyo maana Athlon XP waliyoiita 2000+ ilikuwa na GHz 1.67 tu, jina lilitaja uwezo wake, si mapigo yake.

Kwa Dar es Salaam joto lile lilikuwa na maana ya pekee. Pentium 4 ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi ili isiungue. Sasa iweke katika fremu ya duka yenye bati juu, feni limejaa vumbi, na grisi kati ya prosesa na chuma cha kupozea imekauka tangu ilipokuwa Uingereza. Mteja alilipia GHz 3, lakini kila ilipofika saa saba mchana alipata chini ya hizo. Niliweka mashine mbili mezani, nikafungua faili moja kubwa kwa pamoja, nikamwacha mteja ajionee. Hakuna maneno yangu yaliyofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

“Ikistaki, irifreshi mara nyingi itapata kasi”

Si kweli. Amri ile huchora upya vijipicha vilivyo kwenye skrini ili vilingane na mafaili yaliyomo. Haifuti kitu kwenye RAM wala haiongezi nguvu ya prosesa. Nimeona watu wazima, wenye shahada, wakiibofya mfululizo kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, na nimeona walimu wakiifundisha darasani. Mashine yenye Windows XP na RAM ya MB 256 dawa yake ilikuwa kuongezewa RAM. Ukiifikisha MB 512 au GB 1, mwenyewe anauliza kama umembadilishia CPU.

“Saa ikirudi nyuma, kompyuta imeingiliwa na virusi”

Si kweli, na hapa ndipo nilipomwona mteja mwema akikaribia kupoteza kila kitu. Mama mmoja mwenye steshenari alikuja na CPU imefungwa kwenye khanga. “Shikamoo” za wanafunzi waliokuwa hapo hakuzijibu vizuri kwa wasiwasi. Akaniambia, “Fundi, mwanangu, virusi vimeniingilia. Barua pepe hazifunguki, kila tovuti inakataa, inasema si salama. Kijana amesema tufomati.”

Nikaiwasha. Kabla Windows haijaanza ilisimama na kutaka nibonyeze F1. Nilitazama tarehe: ilikuwa mwaka 2002. Nikamwambia, “Mama, hii haina virusi. Imechoka betri.”

Ndani ya kila kompyuta ya mezani mna betri bapa ya duara, CR2032, volti 3, yenye ukubwa unaokaribia sarafu. Ndiyo inayoiwezesha saa kutembea wakati kompyuta haina umeme. Ikiisha, tarehe hurudi siku ile iliyowekwa kiwandani. Tovuti za benki na za barua pepe hutumia vyeti vya usalama vyenye siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kompyuta inayoamini kwamba tuko mwaka 2002 inaona vyeti vyote havijaanza kutumika, na inakataa kuvipokea. Programu ya kukinga virusi nayo huchanganyikiwa na kuanza kulalamika. Mteja anayaona hayo yote kwa pamoja na kuhitimisha kwamba ni virusi.

Na kuna sababu betri hizo zilikufa mapema kwetu. Kompyuta iliyozimwa lakini ikaachwa kwenye soketi inaendelea kupata umeme kidogo, na umeme huo ndio unaoendesha saa. Betri inapumzika. Huku kwetu tulizima ukutani kila jioni, na mgao wa umeme ukija tulikaa gizani siku nzima. Betri ilibeba saa peke yake kwa masaa mengi kuliko iliyokuwa London, juu ya kwamba ilikuja tayari ina miaka. Kuzima ukutani ni tabia njema, sitamshauri mtu aiache: umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika ndio huua pawa saplai nyingi. Betri mpya ni gharama ndogo ya tabia hiyo.

Yule mama aliondoka na barua zake zote, na orodha ya madeni ya wateja wake ambayo ilikuwa kwenye kompyuta ile tu.

“Virusi vimeua mazabodi”

Karibu kila mara si kweli, lakini siwezi kusema haijawahi kutokea. Virusi vilivyoitwa CIH, vilivyoandikwa na mwanafunzi wa Taiwan, Chen Ing-hau, vilijitokeza mwaka 1998 na kulipuka tarehe 26 Aprili 1999. Vilifuta mwanzo wa hadidiski, na pale vilipoweza viliandika takataka juu ya BIOS, ile programu ya kwanza iliyomo ndani ya chipu ya mazabodi. Kompyuta iliyopatwa haikuwaka tena hadi chipu ibadilishwe au iandikwe upya. Kwa kuwa tarehe hiyo ni ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya mwaka 1986, watu waliviita kwa jina hilo. Lakini vilifanya kazi kwenye Windows 95, 98 na ndugu zake. Windows XP haikudhurika navyo, na wengi walionililia kuhusu mazabodi iliyouawa na virusi walikuwa na XP.

Virusi tulivyovipata sisi vilitembea kwa flashi. Vilificha mafolda na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Mwanafunzi akifungua flashi yake anaona tasnifu imepotea, anakimbilia kufomati. Tasnifu ilikuwepo palepale, imefichwa tu. Amri ya attrib ikiandikwa kwa usahihi iliirudisha kwa sekunde chache. Mafaili yaliyopotea kwa kufomatiwa na mafundi wenye haraka ni mengi kuliko yaliyofutwa na virusi, na hilo bado linaniuma.

“Raba ya shule inafufua kompyuta”

Kweli. CPU inawaka, feni linazunguka, skrini nyeusi, na mlio mrefu unajirudia. Mlio huo kwenye mashine nyingi unamaanisha RAM haisomeki. Meno ya RAM yamepakwa dhahabu, lakini soketi hukusanya vumbi na unyevu, na kwetu pwani, Tanga, Zanzibar, Mombasa, hewa ina chumvi. Ukiichomoa, ukayafuta meno yake kwa raba laini, ukapangusa mabaki kwa brashi kavu au spiriti safi na kuirudisha mpaka vishikizo vibane, mara nyingi inaamka. Usitumie msasa. Dhahabu ile ni tabaka jembamba mno, na ukiikwangua shaba ya chini inaanza kushika kutu.

Kuhusu kile kitambaa cha kudarizi kilichofunika kila monita na kila CPU katika ofisi zetu: ukiwa umezima, kinasaidia kuzuia vumbi. Ukiacha kimefunika wakati mashine inafanya kazi, umeziba matundu ya kupumulia. Na hadidiski iliyoharibika haiponi kwa kuwekwa kwenye friza. Inatoka na umande, na umande ndani ya hadidiski unamaliza kilichobaki.

“Mazabodi ikifa imekufa”

Si kweli, na hii ndiyo sehemu ya kazi niliyoipenda kuliko zote.

Kuanzia mwaka 1999 hivi hadi katikati ya miaka ya 2000, kapasita nyingi zilizotengenezwa hasa Taiwan zilikuwa na kimiminika kibovu ndani. Kilizalisha gesi, na gesi ikaisukuma kofia ya kapasita mpaka ikavimba au kupasuka. Ubovu huo ulienea duniani kote. Kampuni moja kubwa ya Marekani ilitangaza mwaka 2005 kwamba inatenga dola milioni 300 kwa ajili ya kukarabati kompyuta za ofisi zilizoathirika. Maelfu ya mashine hizo ziliuzwa kama mtumba, na tukazipokea sisi.

Dalili zake zilimchanganya mteja. Leo inawaka, kesho haiwaki. Inajizima katikati ya kazi. Inawaka baada ya kujaribiwa mara kadhaa, ikishapata joto inatulia. Wengine walibadilisha Windows, wengine RAM, wengine hadidiski, na kila badiliko lililipiwa. Fundi aliyefungua ubavu na kutazama kwa macho alimaliza utambuzi bila chombo chochote: pembeni ya prosesa zimepangwa kapasita, na zile ambazo kofia zake zenye alama ya msalaba au K hazikuwa bapa tena, ndizo zenye ugonjwa. Nyingine zilikuwa zimeacha ukoko wa kahawia juu.

Tiba ilikuwa pasi ya kulehemu, risasi ya kuchomelea, na subira. Unahitaji kapasita yenye mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, inayostahimili nyuzi 105, na iwe ya aina ya mazabodi, siyo yoyote iliyotolewa kwenye redio. Mstari wa ubavuni unaonyesha upande wa hasi, ukiugeuza, inapasuka. Kazi yenyewe ni ngumu kwa sababu mazabodi ina matabaka ya shaba yanayofyonza joto, na asiyejua huchoma tundu akidhani anayeyusha risasi. Lakini ikifanywa sawasawa, mashine iliyokuwa imehukumiwa inarudi kazini kwa miaka. Vijana waliojifunza kazi hii mezani kwangu leo wanatengeneza inveta na televisheni bapa kwa ujuzi uleule, nami najivunia hilo kuliko mauzo yoyote.

“Monita ya chogo inatoa mionzi, na inapiga shoti hata ikiwa imechomolewa”

La kwanza si kweli kwa maana waliyoitumia. La pili ni kweli kabisa. Kioo cha monita za chogo, zile za zamani zenye mgongo mnene, kiliwekwa madini ya risasi makusudi ili kuzuia miale ya eksirei inayozaliwa ndani. Vile vioo vya ziada vilivyoning’inizwa mbele ya skrini vilipunguza mng’ao wa dirisha na taa, basi. Macho yaliuma kweli, ila kwa sababu nyingine: Windows mara nyingi iliachwa ichore skrini mara 60 kwa sekunde, na jicho linahisi mtetemo huo. Kuipandisha hadi 75 au 85 kulichukua dakika moja na hakukugharimu chochote.

Kuhusu shoti, ndani ya chogo umeme hufikia volti 20,000 na zaidi, na baadhi ya mirija huhifadhi chaji muda mrefu baada ya kuchomolewa. Hilo halikuwa la kufanyiwa majaribio.

“Ndani ya kompyuta mna dhahabu”

Kweli. Medali za michezo ya Olimpiki ya Tokyo 2020, takriban 5,000, zilitengenezwa kwa madini yaliyotolewa kwenye vifaa chakavu: tani 78,985 za vifaa vidogo vya umeme, zikiwemo simu milioni 6.21. Walipata kilo 32 za dhahabu. Tani moja ya mbao za saketi peke yake inaweza kuwa na gramu 200 na zaidi, kiasi kikubwa kuliko tani ya mawe ya migodi mingi. Lakini tani moja ni mazabodi zaidi ya elfu, na kila moja ina chembe tu.

Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu nimewaona vijana wakizichoma mbao hizo na kuziloweka kwenye asidi bila glavu wala barakoa, wakipata pesa ya siku moja na moshi unaobaki mapafuni. Monita moja ya chogo ina zaidi ya kilo moja ya risasi katika kioo chake, na ikipasuliwa ili kutolewa shaba, risasi hiyo inabaki kwenye udongo wa uani. Ama ile “zebaki nyekundu” iliyotafutwa kwenye televisheni na redio kuukuu, haipo. Mwaka 2009 uvumi huohuo uliwafanya watu Saudi Arabia wanunue cherehani za zamani za Singer kwa bei za ajabu. Zebaki ya kweli, miligramu chache, imo kwenye taa nyembamba za nyuma ya monita bapa za kwanza, na sababu pekee ya kuijua ni kutozivunja.

“Nimefomati, siri zangu zimefutika”

Si kweli, na ningependa kila anayeuza kompyuta yake leo alisome hili mara mbili.

Wanafunzi wawili wa chuo cha MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua hadidiski 158 za mtumba kati ya mwaka 2000 na 2002. Zilizosomeka zilikuwa 129. Kati ya hizo, 12 tu ndizo zilizokuwa zimefutwa ipasavyo. Kwenye zilizobaki walikuta namba za kadi za benki kwa maelfu, barua za watu, taarifa za hospitali, na hadidiski moja ilionekana kutoka kwenye mashine ya kutolea fedha. Walipochapisha matokeo hayo mwaka 2003 waliwashangaza wengi huko, lakini fundi yeyote wa mtumba angewaambia hayohayo. Tulipokea mashine zenye picha za harusi za watu tusiowajua, mishahara ya wafanyakazi wa ofisi nzima, na wasifu wa watu wenye anwani zao kamili.

Sababu ni hii: kufomati kwa haraka hufuta orodha ya mafaili, si mafaili yenyewe. Hata ile fomati ndefu ya Windows XP, iliyochukua muda hadi watu wakaiamini, ilikuwa inakagua tu sehemu mbovu za diski. Windows ilianza kuandika sifuri juu ya data katika fomati ndefu kuanzia Vista. Programu za bure za kurejesha mafaili huyarudisha yaliyofomatiwa kwa XP bila shida.

Kuna pia waliokwenda upande wa pili na kusema ni lazima diski iandikwe juu mara 35. Hesabu hiyo inatokana na makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, iliyojumlisha mbinu za aina zote za diski za wakati huo, za zamani na mpya. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2006 unasema kuandika juu mara moja kunatosha kwa diski za tangu mwaka 2001 hivi. Programu ya bure ya DBAN, iliyochomwa kwenye CD, ilifanya hivyo bila kuhitaji Windows: unawasha kompyuta kwa CD hiyo, unachagua diski, unaiacha. Kwa hadidiski ya GB 80, mzunguko mmoja hauzidi saa moja. Kwa diski za kisasa zisizozunguka njia ni nyingine, kwani zinahitaji amri yao ya ndani ya kufuta. Lakini kwa ile Pentium 4 iliyoko stoo ambayo hujaamua uigawe au uiuze, CD moja inatosha.